Uliza-Kwanza

Jirani yetu, ambaye mtaa mzima unamwita Mama Redio, anasema aliona yote kwa macho yake mawili. Anasema Ijumaa ile, saa nane mchana, gari jeupe lilisimama mbele ya mlango wa mjomba wangu, akashuka mwanamume amefunga tai, akaingia bila hodi kama mwenye nyumba. Mjomba akadhani ni mtu wa kodi, akajificha nyuma ya meza. Yule mwanamume akapiga goti sakafuni, akanikabidhi kitambaa, akasema, "Nimekutafuta muda mrefu." Na mimi, kwa maelezo ya Mama Redio, nikazimia.

Sikuzimia. Gari lilikuwa la kijani, tena limejaa vumbi. Mwanamume alipiga hodi mara tatu, na hakupiga goti, aliinama kuokota kalamu iliyomtoka mfukoni. Mjomba naye hakujificha. Alikuwa amechutama nyuma ya meza akitafuta skrubu, na mtu mwenye mwili kama wake akichutama, kusimama tena ni safari. Kwamba alikuja na kitambaa, hapo tu ndipo Mama Redio amesema kweli. Lakini habari ya kitambaa lazima ianzie nyuma, na yeye hana muda wa kuanzia nyuma.

Mjomba ni fundi wa vyerehani. Hashoni, anatengeneza vinavyoshona. Chumba cha mbele cha nyumba yake ndiyo karakana: benchi la mbao lililokunywa mafuta ya mashine mpaka likawa jeusi, makopo ya skrubu yaliyopangwa kwa ukubwa, na dirisha moja ambalo anagombana na kila mtu anayelikinga mwanga. Nilikuja kukaa kwake nilipomaliza shule ya msingi, nimsaidie mkewe kazi za ndani na kufagia karakana.

Kila alipoletewa cherehani kibovu, mjomba hakukigusa kwanza. Alivuta mtoto wa meza ya cherehani hicho, akapapasa humo kati ya vifungo na chaki, akatoa sindano iliyovunjika, akaisogeza dirishani na kuitazama. Halafu alinigeukia. "Mwanangu, hebu niletee maji ya kunywa."

Nilipokuwa narudi na maji, cherehani kilikuwa wazi na ugonjwa umeshajulikana. Maji yenyewe mara nyingi hakuyanywa. Miaka mitatu nilibeba maji ya namna hiyo, na sikuuliza.

Ila sindano alizozitazama alizitupa chini, na anayefagia chini ni mimi. Nikawa naziweka kwenye kopo tupu la rangi ya viatu. Siku nguo zinapokauka uani na mimi sina la kufanya, nilizipanga kiganjani na kuzilinganisha. Ndipo nilipoona kwamba ziko za aina mbili. Kuna zenye shina la mviringo, na kuna zenye shina lililo bapa upande mmoja. Ile ya mviringo ni fupi kuliko ya bapa, kwa kiasi kisichofika punje ya mchele.

Kwa punje hiyo mjomba alikuwa anakula. Maana vyerehani vile vyeusi vya zamani vinataka sindano ndefu. Ikikosekana dukani, fundi mwenye haraka huchukua ile fupi, kisha anashusha kidogo chuma kinachoishika, ili ifike chini inakotakiwa. Cherehani kinashona vizuri tu, hata miaka kumi. Siku mwenye nacho akipata sindano ndefu, ile ya halali, akaitia, inagonga chini na kuvunjika, au mshono unaruka. Anaitwa fundi mpya. Fundi mpya anaona sindano ni sahihi, kwa hiyo anafungua kila kitu kingine, wiki nzima anarekebisha visivyo na kosa. Mjomba alikuwa anaisoma sindano ya zamani, basi. Ile ndiyo inasema fundi aliyetangulia alifanya nini.

Hayo niliyajua peke yangu na sikuwa na wa kumwambia. Ukishajua kitu kama hicho, halafu huna wa kumwambia, kinakukera kama mfupa wa samaki kwenye meno.

Mteja mmoja, fundi wa nguo, ndiye aliyetaka kumwingiza mjomba kwenye kundi la simu la mafundi wa vyerehani. Mjomba akakataa. "Mimi si mtu wa makundi. Huko ni kutumiana maua tu." Yule mteja akacheka, akaniingiza mimi.

Maua kweli yalikuwa yamekatazwa. Kundi lilikuwa na watu mia tatu na kitu, na sheria zake zilikuwa kali kuliko za shule. Swali lazima liwe na picha. Anayetuma maua ya asubuhi njema anatozwa faini ya kujibu maswali mawili. Na aliyesaidiwa, cherehani kikipona, anapitisha kipande cha kitambaa, anashona mistari mitatu, anapiga picha upande wa juu na upande wa chini, anaituma kwa jina la aliyemsaidia. Upande wa chini ndio unaoangaliwa, kwa sababu cherehani kinaweza kudanganya juu, lakini chini hakidanganyi.

Miezi miwili nilisoma tu. Siku moja mtu aliuliza kwa nini cherehani chake kinavunja sindano, watu kumi wakamjibu mambo kumi. Nikaandika maneno matano: "Sindano ya zamani ni ipi?" Akajibu kwa hasira kwamba ya zamani ameitupa, inahusu nini. Nikaandika: "Tafuta kwenye mtoto wa meza." Baada ya saa moja akatuma picha ya kitambaa chekundu, mistari mitatu, juu na chini, na chini yake: *Kwa Uliza-Kwanza, sijui ni nani, Mungu akuweke.*

Jina likanikaa. Nilikitazama kile kitambaa mpaka mke wa mjomba akaniuliza kama nimepata mchumba.

Miezi minane baadaye nilikuwa na picha za vitambaa sitini na moja. Wote waliniita kaka. Sikuwakosoa, kwa sababu walinisikiliza, na niliogopa wakijua watasikiliza vingine.

Huko ndani kila mtu alikuwa na lake. Mwenye kundi ni mzee anayeitwa Mzee Spana. Mikono inamtetemeka, hashiki tena bisibisi, lakini akimwelekeza mtu akapona, anaandika "tumekitengeneza," na ni kweli, wamekitengeneza. Kuna mama mmoja aliye fundi peke yake mji mzima, na aliwahi kuandika kwamba asubuhi akifungua kundi anasikia kama karakana imejaa watu. Wapo waliokuja kutafuta wateja wakakaa kwa ajili ya utani. Yupo anayejibu ili aonekane, na akikosea anafuta haraka, na tunamwona, na tunamwachia. Mimi nilijibu kwa nini? Nilikuwa bado sijajiuliza. Mjomba ndiye aliyeniuliza.

Ilikuwa Jumanne. Alirudi kutoka dukani kwa vipuri, hakuvua hata viatu.

"Uliza-Kwanza ni nani?"

Nilikuwa nafagia. Ufagio ukasimama.

"Nakuuliza wewe. Maana muuza vipuri ananiambia kuna kijana hodari kwenye simu, anafundisha watu kuangalia sindano ya zamani. Kwenye mtoto wa meza! Nikamwambia huyo kijana kanisoma mimi. Akanionyesha picha. Nyuma ya kiganja kilichoshika sindano naona benchi langu."

"Ni mimi, mjomba."

"Wewe." Alikaa. "Nani alikuonyesha?"

"Nilikuwa nafagia."

Alicheka, lakini si cheko la kufurahi. "Mimi nimeitafuta siri hiyo miaka sita. Nimeharibu vyerehani vya watu, nimetukanwa, mke wa mtu alinirushia pasi. Wewe umeifagia! Halafu umeigawa kama njugu. Wanakulipa nini?"

"Hawanilipi, mjomba."

"Sasa unapata nini?"

Nilitaka kumwonyesha vitambaa, lakini vitambaa kwenye simu ni picha tu, na mtu mwenye hasira haoni picha.

"Ijumaa," alisema, "jioni, utatoka kwenye hilo kundi mbele yangu, niione. Ukitaka kubaki humo, baki, lakini bisibisi yangu hutaigusa maisha. Utafagia, utapika, basi."

Hapo lazima niseme ukweli: mwaka huo mjomba alikuwa ameanza kuniachia bisibisi. Si mbele ya wateja. Lakini jioni, kikibaki cherehani kimoja, alikuwa ananiambia, "Haya, kifunge wewe," na kukagua kwa kidole. Nilikuwa nachaguzwa kati ya kazi ya mikono yangu na wale watu waliokuwa wananiita kaka. Vyote viwili nilivitaka.

"Nipe mpaka hiyo Ijumaa," nikasema. "Kuna mtu sijammaliza."

Huyo mtu alikuwa msimamizi wa karakana ya sare za shule. Alikuwa ameandika Jumatatu: vyerehani kumi na viwili, vyote vyeusi vya zamani vilivyofungwa mota, vimeanza kuvunja sindano na kuruka mshono ndani ya siku mbili. Vyote kwa pamoja, kama vimekula kitu kibaya. Fundi wao ameshabadilisha vipuri vya vyerehani vinne na hali imekuwa mbaya zaidi. Shule zinafunguliwa wiki ijayo, na sare mia nane zimekatwa, hazijashonwa.

Kundi zima lilikuwa limemrukia. Mmoja alisema ni umeme. Mwingine akasema ni uzi, ana hakika ni uzi, aliapa. Mimi nikamuuliza, "Kabla ya kuharibika, mlibadilisha nini?"

Akajibu: "Hakuna. Tumeboresha tu. Bosi alinunua sindano mpya nzuri, zilizoandikwa kwenye kitabu cha mashine."

Nilijua papo hapo. Lakini kujua si kuthibitisha. "Za zamani ziko wapi?"

"Tumetupa zote."

"Tafuta."

Jumatano asubuhi nilikuwa nakoroga chai ya mjomba na simu imelala kwenye mfuko wa kanga. Ikatikisika. Msimamizi aliandika kwamba amewafanya washonaji wote kumi na wawili wavute watoto wa meza na kumwaga kila kitu sakafuni. Wanamwona ana wazimu. Kisha picha: nusu sindano iliyovunjika kutoka meza ya nne, imelazwa karibu na mpya. Shina lake lilikuwa la mviringo. Alikuwa ameweka njiti ya kiberiti katikati ili nione vizuri, nami nikapenda sana hiyo njiti, kwa sababu ni ya mtu anayejua kuonyesha.

Nikamwandikia polepole, nikifuta na kurudia, maana hapa ukikosea neno moja unaua mashine ya mtu. Nikamwambia fundi wa zamani alishusha vile vyuma vyote. Sindano mpya ni sahihi kwa kitabu, si sahihi kwa vyerehani vyake. Kwa leo, atafute pakiti za sindano fupi za mviringo, atie, ashone sare. Vyerehani vinne vilivyoguswa, arudishe vipuri vya mwanzo. Shule zikishafunguliwa, ndipo apandishe vyuma, kimoja kimoja, bila haraka.

Mchana wote kimya. Mjomba alikuwa benchini, mimi nasugua sufuria uani, na kila kikisikika kitu nadhani ni simu. Saa kumi na nusu ikaja sauti, si maandishi. Nikaibana sikioni. Hakusema neno. Alikuwa ameishika simu katikati ya karakana yake, na nilisikia vyerehani vikikimbia, vingi, vikipandana sauti kama mvua inapoanza kwenye bati.

Nikamaliza zile sufuria nikiwa nimesimama.

Alhamisi akauliza karakana yangu iko wapi. Nikamwelekeza karakana ilipo. Sikuandika "yangu".

Ndiyo ikaja Ijumaa, gari la kijani na zile hodi tatu. Mjomba alitokea nyuma ya meza akiwa ameshika skrubu yake, anahema. Yule mwanamume, mwembamba, tai imepinda, akamtazama yeye na tumbo lake na makopo yake, akatabasamu kwa uso mzima.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

"Nimefurahi sana. Mzee, umetuokoa. Mimi ni msimamizi wa sare za shule." Akatoa kutoka begi kitambaa cha buluu, kimekunjwa, akakiweka benchini. "Sikutaka kutuma picha. Nikasema hiki nitakipeleka mwenyewe."

Mjomba alikifungua. Mistari kumi na miwili, kila mmoja wa cherehani chake, na mwanzoni mwa kila mstari namba ya meza kwa chaki. Hakuuangalia upande wa juu. Alikigeuza moja kwa moja, akakisogeza dirishani, akapitisha ukucha kwenye kila mstari, taratibu, kumi na miwili yote. Chumba kilikuwa kimya hivi kwamba nilisikia Mama Redio akihema nje ya dirisha.

"Huu ni mshono," mjomba alisema.

"Ni kazi yako, mzee. Watu wangu wanakuita daktari."

Mjomba hakukanusha. Alivuta kiti, akamkaribisha, akaweka kitambaa magotini. Mimi nilikuwa pembeni na ufagio, natazama mdomo wa mjomba. Ilikuwa rahisi mno kwake kunyamaza. Siri ilikuwa yake kweli. Miaka sita, matusi, pasi. Na mimi, nilijua, nisingemkatiza mbele ya mgeni.

"Sasa mzee," msimamizi akaendelea, "ile tahadhari uliyoniambia juzi, ya kupandisha vyuma. Kile cha meza ya tisa skrubu yake imeliwa. Nifanye kama ulivyosema kwa vingine, au?"

Mjomba alifungua mdomo. Akaufunga. Alikuwa anajua jibu la skrubu iliyoliwa, analijua kuliko mimi. Asichojua ni kile nilichosema juu ya vingine.

Akatazama tena kitambaa. Kisha akaninyooshea kile kidole chake cheusi cha mafuta.

"Muulize mwenyewe. Huyo hapo."

Msimamizi akanigeukia, akarudi kwa mjomba. "Huyu binti?"

"Huyu binti. Kwani ulitaka mwenye ndevu?"

"La, mzee, ni kwamba..." Hapo ndipo kalamu ilipoanguka, akainama, na Mama Redio akaiona posa.

"Miezi minane nimekuwa nasoma majibu yako," akaniambia akiwa bado chini. "Mimi nilikuona una miaka sitini."

"Nitafika," nikasema.

Mjomba akacheka, na safari hii lilikuwa cheko lake lenyewe, la tumbo. "Basi mjibu mwenzio, mama. Skrubu iliyoliwa."

Nikaweka ufagio ukutani. Nikauliza kwanza imeliwa kichwa au meno. Meno, akasema. Nikamweleza, na mjomba akaongeza neno moja pale nilipolisahau, na mimi nikalirudia ili mgeni alishike. Tulizungumza hivyo nusu saa, watatu, kama watu wa kazi moja. Alipoaga aliomba niende Jumanne kuvipandisha vyuma vyote kumi na viwili. Alimwomba mjomba ruhusa, lakini alinitazama mimi. "Tutakuja," mjomba alisema. "Mimi nitabeba begi la vifaa."

Gari halijafika mwisho wa mtaa, simu ikaanza. Msimamizi alikuwa ameandika kwenye kundi: *Nimemwona Uliza-Kwanza. Ni binti. Ana ufagio.*

Mjomba akavaa miwani. "Soma."

"Wanacheka tu, mjomba."

"Soma nasema, usiniruke hata mstari."

Nikamsomea. Mzee Spana: "Miezi minane namwita kaka! Dada yangu, nisamehe, macho ya uzee." Yule anayejibu ili aonekane: "Mimi nilijua tangu mwanzo." Chini yake watu ishirini wakimwambia afute. Yule mama aliye peke yake mji mzima hakuandika utani. Aliandika, "Nami nilidhani mwanamke ni mimi tu humu," halafu mistari mitatu ya kitambaa cha manjano, juu na chini, ingawa hakuwa ameuliza swali lolote.

Hapo nikaikuza ile picha kwa vidole viwili, nikasahau kusoma.

"Endelea."

Mwingine: "Swali kwa dada. Ujuzi huo umeusomea chuo gani?" Na wengine wakadakia: ndiyo, chuo gani, mwalimu nani, tuambie.

Nikaacha kusoma. Mjomba alikuwa amekunja kile kitambaa cha buluu vizuri, pembe kwa pembe, na hakukirudisha benchini. Alikuwa amekishika.

"Wako wangapi humo?"

"Mia tatu na kumi na wawili."

"Wote mafundi?"

"Wote."

Akatikisa kichwa kwa mshangao, kama mtu aliyeambiwa nyumba yake ina chumba asichokijua.

"Leo ni Ijumaa, mjomba," nikasema. "Ulisema jioni nitoke. Nitoke?"

Alinyanyuka, akaenda mlangoni, akamwambia Mama Redio aende akapike kwake. Akarudi, akasimama nyuma ya bega langu, miwani imeshuka puani, akitazama yale maneno ambayo watu walikuwa wanaendelea kuyaandika.

"Wanauliza mwalimu wako," alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo, sijawahi kuisikia hivyo. "Waambie ni mjomba wako. Waambie nilikufundisha mimi."

Kidole changu kilikuwa juu ya herufi, na mimi nakumbuka maji yote yale aliyonituma na hakuyanywa. Nilimtazama, naye hakunitazama, alikuwa anatazama simu, anangoja.